Finjani Niliyoiweka Chini

Jumamosi, 2 Septemba

Nimepata kazi! Tena si kazi hivi hivi. Mshauri wa makampuni! Naanza Jumapili ya wiki ijayo, tarehe kumi. Kwa hiyo kuanzia leo naandika shajara, maana nikishakuwa mtu mkubwa watu watataka kujua nilianzaje, na sitaki wahangaike.

Bi Rula anayeshughulikia waajiriwa amenipigia simu mwenyewe. Sauti tamu, habari nusu nusu. Waajiriwa wapya ni wawili, mimi na msichana anaitwa Sirin. Kazi zinazotusubiri nazo ni mbili. Moja ni hoteli ya Dubai, ghorofa arobaini, wenyewe wanataka kujua kwa nini wageni hawarudi. Nyingine ni kiwanda cha kuku kule Mafraq, ukingoni mwa jangwa, wenyewe wanataka kujua kwa nini kuku wanakufa. Nani aende wapi ataamua mkurugenzi, Abu Ghaith, akishatuona Ijumaa kwenye chakula cha mchana nyumbani kwake.

Hapa hakuna cha kufikiria. Mimi ni mtu wa Dubai. Nywele zangu peke yake ni za Dubai.

Nikamwambia mama naenda Dubai. Najua, hakuna aliyenipeleka bado. Lakini neno lilinitoka likiwa zuri, nikaliacha liende. Kufikia adhuhuri mtaa wetu wote wa Jabal al-Hussein unajua. Kufikia alasiri Mama Bashar wa ghorofa ya tatu ameshaleta karatasi ya vitu vya kumnunulia: manukato, mashine ya kusagia nyama, na koti la mjukuu ambaye hajazaliwa. Sasa hata nikitaka kurudi nyuma sina pa kupita. Nikipelekwa kwa kuku, mama hatashuka ngazi mwaka mzima kwa aibu, na mimi itabidi niwe natokea dirishani.

Jumapili, 3 Septemba

Nimeshinda nikisoma jinsi washauri wanavyoishi. Siri yao nimeigundua! Mshauri wa kweli hajibu swali kabla hajainua vidole vitatu na kusema, kuna mambo matatu. Hata ukimuuliza saa. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo mpaka bega limeuma. Kasoro ni ndogo tu. La kwanza linakuja. La pili linakuja. La tatu halitokei. Nitalitafuta.

Nilianza na mama. Aliuliza apike bamia au mlenda. Nikainua vidole. Akaniambia niviteremshe kabla hajaviteremsha yeye, na kwamba nyumbani kwake kuna mambo mawili tu, kula au kulala na njaa. Tulikula mlenda.

Jumatatu, 4 Septemba

Kazi ya kwanza ya ushauri maishani mwangu! Mahali: duka la falafel la Mjomba Nayif, kaka yake mama. Baba yuko Kuwait miaka yote, kwa hiyo mjomba ndiye mwanamume wetu, yeye na masharubu yake. Nilimwambia nitamsaidia bure. Akasema cha bure kinamtia wasiwasi, lakini niingie.

Nilisimama pembeni na saa mkononi. Matokeo ya kutisha! Hamdi, mkaangaji wake kwa miaka ishirini sasa, anatumia sekunde arobaini kumhudumia mteja. Kati ya hizo, ishirini na mbili ni salamu. Hujambo, mama hajambo, goti la baba limepoa, yule kijana wenu wa Irbid kaoa? Na juu yake chai ya bure! Nikabandika karatasi ukutani: salamu moja kwa mteja mmoja, chai imesitishwa. Mjomba alikuwa ameenda kununua dengu.

Mteja wa kwanza alimtazama Hamdi aliyenyamaza, akatazama birika lililofunikwa, akavua kofia. Akauliza kwa sauti ya chini, ni nani? Hamdi akamwonyesha karatasi, lakini mzee yule hasomi bila miwani. Akamshika Hamdi mkono, akasema Mungu awape subira. Akaenda kuwaambia wengine.

Mjomba aliporudi na gunia lake la dengu alikuta watu saba mlangoni, wawili wanalia. Mmoja wao, kinyozi wa jirani, alipomwona alipiga ukelele na kukaa chini. Walikuwa wanamlilia yeye.

Mjomba amenitolea uvivu mbele ya umati. "Umeniua nikiwa hai, Kusai! Hao washauri wenzako huanza na kuzika?" Nikasema kuna mambo matatu. Akanifuata na kijiko cha kuepulia falafel mpaka kituo cha polisi.

Lakini lazima isemwe, foleni ilikuwa ndefu kuliko siku zote.

Jumanne, 5 Septemba

Adui amejitokeza. Sirin kanipigia, namba kapewa na Bi Rula. Ana sauti ya mtu aliyeamka alfajiri na kunawa maji baridi. Amesomea mifugo. Hakuzunguka. Kasema, "Kaka Kusai, tuambiane ukweli tu, wewe unataka wapi? Tusije tukagombania kitu kimoja bure."

Nikanusa mtego. Nani katika dunia hii anauliza swali kama hilo bila hila? Nikimwambia Dubai, kesho anaenda kwa Abu Ghaith kuniharibia. Nikajitia hamnazo. Nikasema, kiwandani. Akauliza, kweli? Nikasema roho yangu iko kwa kuku tangu utotoni. Akashusha pumzi ndefu, akasema basi, kama ndivyo, sawa. Sauti imemwishia kabisa. Nimempiga chenga safi!

Halafu nikapata wazo kubwa zaidi. Mama akigawa kunafa, ile tamu ya jibini na shira, anayelilia sahani hupewa kipande. Anayesema wallahi nimeshiba ndiye anayejaziwa mpaka inamwagika. Wakubwa wote wa nchi hii wamelelewa na mama kama huyo. Basi nikamwandikia Bi Rula barua pepe. Nikasema hoteli siitaki. Zulia laini linanitia huzuni. Nataka vumbi, nataka jua, nataka kiwanda, nataka kumtazama kuku machoni na kumwuliza, ndugu yangu, umepatwa na nini? Nilitia chumvi mpaka mwenyewe nikapata machozi kidogo.

Wakisoma hiyo lazima waseme, huyu apewe Dubai.

Jumatano, 6 Septemba

Bi Rula kajibu mstari mmoja. "Barua yako imemgusa sana Abu Ghaith."

Imemgusa vipi? Imemgusa upande gani? Sijala tangu asubuhi. Ikiwa ameiamini nimekwisha! Tena leo Mama Bashar ameongeza jozi ya viatu kwenye karatasi yake.

Lazima kupata dawa, na nimeipata. Abu Ghaith ana shahada mbili za ng'ambo lakini nyumbani kwake ni mtu wa jangwani, mtoto wa masheikh. Kahawa hamruhusu mtu kuimimina, humimina yeye mwenyewe. Na kila mtu anajua, mgeni mwenye haja nzito haigusi kahawa. Anaiweka finjani chini, anangoja. Mwenye nyumba hawezi kumwacha mgeni aondoke na kahawa imepoa. Aibu hiyo itamfuata mpaka kaburini. Basi Ijumaa nitaiweka yangu chini. Ataniuliza haja. Nitasema Dubai. Imekwisha!

Jambo hilo linataka mzee pembeni, ili liwe na uzito. Nikaenda kwa Mjomba Nayif, kwa mlango wa nyuma. Alinisikiliza huku anakatakata kotmiri. Kisha akasema finjani inawekwa chini kwa damu ya mtu aliyeuawa, na kwa kuposa. "Haiwekwi kwa hoteli, mpumbavu wewe. Siji." Nikamtuma mama. Mama alilia dakika nne. Anakuja.

Alhamisi, 7 Septemba

Mavazi. Suti nimeazima kwa binamu yangu aliyeoa mwaka jana akiwa mwembamba. Nikivuta pumzi, vifungo vinatazamana vibaya. Nimenunua pia miwani ya kioo kitupu, kwa ajili ya akili. Mama kaniona sebuleni akadhani ni mkaguzi wa umeme.

Hotuba tayari. Kuna mambo matatu, Abu Ghaith. La kwanza, Dubai inanihitaji. La pili, mama yangu ameshatangaza. La tatu bado, lakini mpaka kesho mchana kuna muda mwingi.

Ijumaa, 8 Septemba

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia bado unanuka mtindi.

Tulikuwa watu kama ishirini, wa ofisini wote. Mjomba aliniambia mlangoni kwamba amekuja kwa ajili ya kondoo, si kwa ajili yangu. Sirin alileta kikapu cha mayai kutoka kwao. Mayai! Nilicheka moyoni. Mimi nilileta maua ya plastiki, yanayodumu.

Mansaf ikaja, masinia matatu, wali umefunikwa na nyama ya kondoo iliyopikwa kwa mtindi, mvuke unapanda mpaka darini. Tukasimama kuyazunguka, mkono wa kushoto mgongoni, wa kulia unafinyanga matonge. Hapo suti ikaanza vitimbi. Kila nikinyoosha mkono, mshono wa kwapani unatoa sauti. Watu walidhani ni tumbo langu. Kisha miwani ikajaa mvuke. Sikuona kitu. Nikafinyanga tonge zuri, nikalitia kinywani, kumbe ni karatasi ya kufutia mikono. Abu Ghaith alikuwa ananitazama kwa upendo. Nikalimeza. Ningefanya nini?

Baada ya kunawa tukaketi. Abu Ghaith akapita mwenyewe na dele lake la kahawa, la shaba, akianzia kulia. Akafika kwangu. Nikapokea finjani. Nikaiweka chini, mbele yangu, kwenye meza ndogo. Tak!

Bi Rula aliacha tende mdomoni. Mhasibu mmoja akamnong'oneza mwenzake, anamposa nani huyu? Macho yote yakamgeukia Sirin. Sirin akatikisa kichwa kwa nguvu zote, akasogeza kiti chake mpaka dirishani. Mjomba Nayif alinitazama jinsi anavyotazama mafuta yaliyoungua. Akafumba macho. Akashusha pumzi. Halafu na yeye akaiweka finjani yake chini, kando ya yangu.

Sikutegemea. Si yeye aliyesema haiwekwi kwa hoteli? Hapo nilimpenda mjomba wangu kuliko siku zote za maisha yangu, nikataka kulia. Labda pia ni ile karatasi.

Abu Ghaith akamwuliza yeye, kama mkubwa wetu, wageni wetu wana haja gani. Mjomba akapangusa masharubu. "Kijana ndiye mwenye haja, Abu Ghaith. Mimi nimesimama naye kwa kuwa ni damu ya dada yangu. Haja yenyewe naionea haya."

Nikainuka. Mshono ukalia. Nikainua vidole vitatu. Nikasema, kuna mambo matatu. Abu Ghaith akaweka dele chini, akaninyamazisha kwa kiganja.

"Teremsha vidole, mwanangu. Nyumbani kwangu mgeni hajielezi kama yuko mahakamani. Kunywa kahawa yako. Ulilolijia umepewa."

Umepewa! Kabla hata ya kusema! Niliinywa kwa mkupuo mmoja. Iliniunguza mpaka masikioni. Watu wakashangilia. Mjomba akanywa yake taratibu, akionekana kama mtu aliyeshushwa mzigo.

Ndipo Abu Ghaith akawageukia watu. Akasema mpaka Jumanne, kwa kuona picha zetu tu, alikuwa ameamua kunipeleka Dubai. Dubai! Alisema huyu kijana mtu ukimwona tu na nywele zake unajua ni wa hotelini, na kiwanda ni cha Sirin, ambaye alikiomba waziwazi tangu siku ya kwanza, maana kwao ni Mafraq na kuku anawajua kwa mlio. Lakini ikaja ile barua. Amemsomea mke wake mara mbili. Akakaa katikati, hajui afanye nini. Na leo kijana huyohuyo anakuja na mjomba wake na kuweka kahawa chini, kwa ajili ya kuku! Miaka sitini hajaona kitu kama hicho. Akanigeukia. "Kiwanda ni chako, mwanangu. Wenzako huenda miezi mitatu. Wewe nakupa mwaka mzima."

Nikafungua kinywa. Mjomba akanifinya paja kwa vidole vinavyoshika mafuta ya moto kila siku. Kahawa imeshanywewa. Ukishainywa, umeshukuru. Hakuna duniani mtu wa kwetu anayeweza kuitapika.

Na kwa kupigwa na butwaa nikasahau kuitikisa finjani kuonyesha nimetosheka. Abu Ghaith akamimina tena. Na tena. Nilikunywa saba.

Mlangoni Sirin alinifuata. Macho mekundu. Akasema, "Si nilikuuliza Jumanne? Si nilikuuliza vizuri?" Nikamwambia, dada Sirin, kuna mambo matatu. Aliondoka kabla ya la kwanza.

Jumapili, 10 Septemba

Siku ya kwanza kazini. Nimepewa kompyuta, kitambulisho na buti za mpira.

Mama sijamwambia sawasawa. Nimesema Dubai imeahirishwa kwa sababu ya joto. Akauliza, mpaka lini? Nikasema mpaka ipoe. Mjomba alikuwepo, akatoka nje kucheka, akarudi, akatoka tena. Mama akatutazama wote wawili, akaenda kufunga pazia la upande wa Mama Bashar.

Hilo limeniuma. Alikuwa amefurahi sana mama yangu.

Jumatano, 20 Septemba

Mafraq. Kuku elfu arobaini na mimi.

Kwa nini wanakufa imeshajulikana. Feni za banda la tatu zimefungwa kinyume, zinavuta joto ndani badala ya kulitoa. Mama Adnan anayefagia alisema hivyo siku niliyofika, kabla sijashuka garini. Nimetengeneza slaidi sitini juu ya jambo hilo. Ya sitini inasema Mama Adnan amesema kweli. Nalala kwenye chumba cha mizani. Jogoo wa hapa hana saa maalumu. Suti nimeitundika ukutani ili nisisahau mimi ni nani.

Leo saa tano, habari kubwa! Ujumbe kutoka kwa Sirin, yuko Dubai. Anasema amechoka na zulia. Anasema hotelini wanamfanya ahesabu mito. Amezungumza na Abu Ghaith, akamwomba abadilishane nami. Abu Ghaith kamjibu kwamba neno la kahawa yeye halirudishi, ila mimi mwenye haja nikisema kwa mdomo wangu kwamba haja yangu imekwisha, basi hana neno. "Andika mstari mmoja tu kwa Bi Rula, kaka. Andika: nimetosheka. Kabla ya saa kumi, maana leo anafunga karatasi za nani yuko wapi mwaka huu. Tafadhali."

Nilirukaruka. Kuku wakaogopa. Nikaanza kuandika: nime...

Hapo nikasimama. Ngoja kwanza, Kusai. Mbona ana haraka hivyo? Anayebembeleza ana jambo lake. Nikikubali upesi nitapata Dubai tupu, Dubai ya kuhesabu mito. Nikijivuta kidogo atarudi na mazuri zaidi: chumba cha juu, upande wa bahari, labda na cheo. Kosa langu la Ijumaa ile lilikuwa hilohilo, nilikunywa upesi mno! Mtu hujifunza.

Nikamjibu kwa upole kwamba ni vigumu kuwaacha kuku, tumeshazoeana, na kwamba kabla ya kuamua kuna mambo matatu. Nikazima simu ili aive vizuri.

Saa kumi na moja nimeiwasha. Sirin hajajibu, bila shaka anatafakari la kunipa. Kuna barua pepe ya Bi Rula, juu yake imeandikwa "Mwaka wako Mafraq." Sijaifungua. Nitaifungua kesho kutwa, wasije wakadhani nina haraka.

Suti nimeshaikunja. Nimempigia mama pia, nimemwambia Dubai imepoa.